Barua ya ajira isiyo na tarehe

Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho, siku ya ajira chuoni

Walimu wangu, shikamooni. Wazazi mliofika, shikamooni nanyi. Wadogo zangu, hamjambo?

Nilipoingia getini asubuhi nilikuta bango la kampuni ya huduma za kompyuta: inatafuta wahandisi wa programu 300, wahitimu wapya, uzoefu si lazima. Saa mbili ilikuwa haijafika na foleni imeshafika kwenye mwembe. Nilisimama nikaiangalia. Mashati yamepigwa pasi mpaka yanang'aa, bahasha za kaki zimekumbatiwa, na dada mmoja kavua viatu vyake virefu kavishika mkononi, avivae akikaribia meza. Nilifurahi, na bado nina furaha. Nilipohitimu mimi, tangazo la nafasi moja tu ya kazi kama hii lilizungumzwa bwenini wiki nzima.

Basi sikuja kuwaambia mtoke kwenye foleni. Pangeni. Nimekuja kuwaeleza namba kama ile 300 inatoka wapi, na nani anailipa ikikosewa. Nimeshakaa pande zote mbili za meza mnayoiendea. Tena iko nchi ambayo imeajiri wahandisi kwa maelfu na kwa malaki kwa miaka mingi, nayo ni India. Niruhusuni nianzie huko.

Tata Consultancy Services, kampuni ya huduma za kompyuta ambayo wengi wanaiita TCS, ilianza mwaka 1968. IBM, kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani, ilipofungasha na kuondoka India mwaka 1978, wenyeji wakaingia kwenye pengo lililobaki. Mwaka 1981 wahandisi saba wakaanzisha Infosys mjini Pune, na mtaji wa kuanzia ulikuwa rupia 10,000 ambazo mmoja wao, Narayana Murthy, alikopeshwa na mkewe Sudha kutoka kwenye akiba yake. Nyie ambao mama zenu wako kwenye vikoba mnaijua fedha ya namna hiyo na uzito wake. Kisha ikaja hofu ya mwaka 2000. Mifumo ya zamani ilikuwa imeandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na ilibidi ipitiwe mstari kwa mstari kabla karne haijageuka. Makampuni ya Ulaya na Marekani hayakuwa na mikono ya kutosha. India ilikuwa nayo.

Hapo biashara yenyewe ikaonekana ilivyo, na naomba mnisikilize vizuri kwenye hili. Kampuni ya huduma za kompyuta, kwa sehemu kubwa, inauza saa za watu. Tuseme benki iko London, ina mfumo wa miaka thelathini, inataka watu 200 wa kuutunza. Kampuni inawatoa, na kila mwezi inatuma ankara kwa hesabu ya vichwa. Mapato yakitakiwa kupanda, vichwa viongezwe. Na vichwa vyenyewe vimepangwa kama kichuguu: juu wachache wenye uzoefu na mishahara mikubwa, chini umati wa wahitimu wapya wenye mishahara midogo, huku mteja akilipia wote. Faida inatoka kule chini. Kwa hiyo mkifika pale mezani msiongee kama watu wanaoomba sadaka. Mnahitajika, na hesabu ya kampuni haikamiliki bila nyinyi.

Sasa tazameni mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, kila duka na kila benki inataka huduma zake ziwe mtandaoni jana. TCS peke yake iliongeza watu 103,546 ndani ya mwaka mmoja, ikafikisha wafanyakazi 592,195. Infosys ilichukua wahitimu wapya 85,000. Piga picha mji mzima wa vijana, kila mmoja na kitambulisho kipya shingoni, wote wameingia kazini ndani ya miezi kumi na miwili.

Lakini sehemu ya kuajiri kule ilikuwa kutia maji kwenye pakacha. Soko lilipochemka, wafanyakazi wenye miaka miwili mitatu ya uzoefu walihamia palipo na mshahara mkubwa zaidi. Katikati ya mwaka 2022 Infosys ilitangaza kwamba kwa kipimo cha miezi kumi na miwili asilimia 28.4 ya watu wake walikuwa wameondoka kwa hiari. Zaidi ya robo! Kampuni ikipoteza watu kiasi hicho inaogopa, na kampuni iliyoogopa huajiri kuliko inavyohitaji.

Kabla sijafika kwenye maumivu nataka niwape India haki yake, kwa sababu kuna jambo moja wamelifanya ambalo sisi bado. Pale Mysuru, kusini mwa nchi, Infosys ina kituo cha mafunzo chenye uwezo wa kulaza na kufundisha zaidi ya watu 10,000 kwa wakati mmoja. Ni chuo ndani ya kampuni: mabweni, mabwalo ya chakula, madarasa, baiskeli za kuzungukia. Mtu anaingia pale akiwa amesoma uhandisi wa mitambo au wa ujenzi, hajawahi kuandika programu ya maana. Anafundishwa kwa miezi kadhaa, anapewa mitihani, na muda wote huo yuko kwenye orodha ya malipo. Anajifunza huku akilipwa. Akifaulu anapangiwa mradi.

Fikirini maana yake. Kampuni inakiri kwamba chuo hakiwezi kumtoa mtu aliyekamilika, na gharama ya kumkamilisha inaibeba yenyewe. Huku kwetu tangazo la kazi ya mtu anayeanza linadai uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wa kuanza atautoa wapi kama kila mlango unamtaka awe ameshaanza? Mwalimu wangu mmoja, ambaye yumo humu ndani na sitamtaja asije akaona haya, alikuwa akitufungulia maabara Jumamosi ili tupate saa za ziada kwenye kompyuta zilizokuwa zinawaka. Alikuwa anafanya kwa mshahara wake kazi ambayo waajiri walipaswa kuifanya. Kwa hiyo nikisikia kampuni inasema "uzoefu si lazima, tutafundisha," mimi nasema ahsante. Ni neno jema. Naomba tu lisiishie kwenye bango.

Sasa maumivu.

Kuanzia mwishoni mwa 2022 wateja wa Marekani na Ulaya walianza kubana matumizi. Miradi ikasogezwa mbele, mingine ikafa. Lakini barua zilikuwa zimeshatoka. Huko India vijana wengi wa mwaka ule walibaki na barua za ajira mkononi bila tarehe ya kuripoti. Wazazi wameshawaambia ndugu, sherehe zimeshafanyika. Kuna waliosubiri zaidi ya miaka miwili. Kundi la wahitimu wa 2022 waliopewa barua na Infosys waliitwa Mysuru Oktoba 2024, wakaanza mafunzo, na Februari 2025 zaidi ya 300 kati ya waliokuwa wakifunzwa pale wakaondolewa kwa kutofaulu mtihani wa ndani. Kampuni ilieleza kwamba kila mmoja alipewa nafasi tatu na kwamba sharti hilo lilikuwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Chama kimoja cha kutetea wafanyakazi wa kompyuta kikapeleka malalamiko serikalini.

Mimi sikuwepo pale na sitahukumu karatasi za mtihani ambazo sikuziona. Ila najua kitu kimoja kuhusu kusubiri, kwa sababu nilisubiri.

Barua yangu ilikuja kwa barua pepe. Niliichapisha steshenari, kurasa mbili, nikaipeleka nyumbani. Mama aliisoma yote, hata anwani ya chini kabisa, kisha akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za kiwanja. Penye tarehe ya kuripoti paliandikwa "utajulishwa." Mama akauliza, "Utajulishwa lini?" Nikamjibu, "Wiki ijayo, mama." Nilikaa miezi kumi na moja.

Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika programu kila siku. Wa pili nilikuwa naandika umeme ukiwepo. Kufika mwezi wa nne nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha wakala wa pesa cha mjomba, natoa na kuweka fedha za watu, na laptopu imelala juu ya kabati imefunikwa kanga. Kazi nyingine zilipita nikaziacha, maana nina barua. Hilo ndilo jambo ambalo barua isiyo na tarehe inakufanyia: inakuzuia kutafuta. Huna kazi, na huwezi kusema huna kazi. Kila jioni mtaani, "Vipi, unaanza lini?" Nilianza kupita njia ya nyuma.

Hatimaye tukaitwa. Tulikuwa kundi la watu arobaini, na wiki ya pili tukapewa mtihani. Swali la kwanza lilikuwa la kuunganisha majedwali mawili ya hifadhidata, kitu ambacho mwaka wa tatu ningekifanya nikiwa nasinzia. Nilikaa nikalitazama. Vidole vilikuwa vimesahau. Nilikuwa naiona alama ya swali na sioni njia. Nilipita kwa kuponea chupuchupu, wenzangu kumi na mmoja hawakupita, na jioni ile wakapewa nauli ya kurudi. Mmoja wao alikuwa wa kwanza darasani kwetu. Mikono yake ilikuwa imekaa bila kazi miezi kumi na moja kwa matakwa ya aliyemwandikia barua, kisha huyohuyo akampima na kumwambia hatoshi.

Ndiyo maana niliposoma habari za wale vijana wa Mysuru nilifunga simu nikatoka nje. Anayesubiri ndiye anayelipa. Kampuni ikikosea hesabu ya wateja, kosa linaandikwa kwenye umri wa kijana wa miaka ishirini na tatu.

Hebu tumalize na namba za India. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, TCS ilipungua watu 13,249 na Infosys ikapungua 25,994. Kabla ya hapo TCS haikuwahi kupungua kwa mwaka mzima tangu iingie soko la hisa mwaka 2004. Juni 2025 TCS ikaweka utaratibu kwamba mfanyakazi awe kwenye kazi inayolipiwa na mteja siku zisizopungua 225 kwa mwaka, na asikae benchi zaidi ya siku 35. Benchi ndilo neno la kazi yetu: uko kwenye ajira lakini huna mradi, mteja hakulipii. Zamani benchi lilikuwa mahali pa kujifunzia. Sasa linahesabiwa siku. Mwezi uliofuata ikatangaza kupunguza kama asilimia 2 ya wafanyakazi wake wote, watu wapatao 12,000, wengi wao wa ngazi ya kati na ya juu.

Na mshahara wa kuanzia kule umekaa karibu palepale kwa zaidi ya miaka kumi, kama rupia 350,000 kwa mwaka, huku kodi ya nyumba Bengaluru, mji wenye makampuni mengi ya kompyuta, ikipanda. Sababu mnaijua bila kuambiwa: foleni ni ndefu. Aliyeko mbele akikataa, nyuma yake wako elfu.

Kuna anayefikiri haya ni ya mbali. Hapana. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, ikaja Nairobi mwaka uliofuata, ikafika Kampala na Kigali. Ilichagua vijana wachache sana kati ya waombaji, ikawafundisha huku inawalipa, ikawapangia kazi kwenye makampuni ya nje. Nawaheshimu kwa hilo. Baadhi ya wahandisi bora niliofanya nao kazi walipita pale. Lakini Septemba 2019 ilitangaza kupunguza wahandisi wachanga wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu. Walioguswa walikuwa wale waliokuwa chini ya kichuguu. Na sasa akili mnemba inaandika sehemu ya kazi zilezile ambazo mhitimu mpya alikuwa anaanzia: majaribio madogomadogo, marekebisho ya tiketi rahisi, yaani kasoro ndogo zilizoripotiwa, na ripoti. Sitawatisha kwa hilo, maana kazi ya kuelewa shida ya mteja bado ni ya mtu. Nasema tu kwamba mlango wa chini umekuwa mwembamba, na anayewaitia 300 kwa mkupuo lazima aulizwe ana kazi gani ya kuwapa.

Niliwaahidi pande zote mbili za meza. Upande wa pili ni huu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kiongozi wa timu kwenye kampuni nyingine, nikaingizwa kwenye kamati ya kuajiri. Kwenye jedwali la bajeti kulikuwa na mstari: wahitimu wapya, 120. Nikauliza 120 imetoka wapi. Nikaonyeshwa mkataba wa mteja mkubwa ambao ulikuwa "unakaribia kusainiwa." Tulikuwa tunakata mbeleko na mwana hajazaliwa. Sikubisha. Tukazunguka vyuoni, tukafanya mitihani, tukatoa barua 71 kwanza. Mkataba haukusainiwa.

Niliambiwa niwaandikie kwamba mchakato unaendelea. Niliandika. Kijana mmoja akanijibu ndani ya dakika tano: "Kaka, niliacha kufundisha tuisheni kwa ajili ya kazi hii. Nirudi kwanza au nisubiri?" Nilijua jibu. Jibu lilikuwa arudi, siku hiyohiyo. Lakini nilikuwa nimekatazwa kusema kwamba hakuna mkataba, nikamwandikia awe na subira. Alisubiri miezi saba. Ujumbe wake bado ninao kwenye simu, na ndio ulionifanya nikubali mwaliko wa leo mwalimu aliponipigia.

Basi wadogo zangu, mkifika pale mezani, ulizeni. Mtu anayeuliza vizuri haonekani msumbufu. Mimi nilipokuwa upande ule niliwakumbuka waliouliza. Ulizeni tarehe ya kuripoti, na kama haipo, ulizeni ni lini mtakuwa huru kutafuta kwingine bila kuonekana mmevunja ahadi. Ulizeni kama kipindi cha mafunzo kinalipwa, na kiasi gani, na mtihani wa ndani una alama ngapi za kufaulu na nafasi ngapi za kurudia. Ulizeni kama kuna bondi, yaani fedha mtakayodaiwa mkiondoka mapema, na kama kampuni nayo inadaiwa chochote ikiwaacha nyinyi. Na hili moja msilisahau: "Mradi nitakaopangiwa upo tayari, au unatarajiwa?" Tazameni uso wa anayejibu.

Na wenzangu mliotoka kwenye makampuni, mliokaa mstari wa mbele, nawaomba kwa heshima. Hesabu ya biashara yetu ninaijua, sitawaambia muajiri watu msioweza kuwalipa. Andikeni tarehe. Ikibidi kuisogeza, mlipeni anayesubiri hata posho ya nauli na vocha, au mfungulieni masomo yenu mtandaoni ili mkono wake usilale. Na mkataba wa mteja ukivunjika, mpigieni simu kijana siku ileile mumwambie ukweli, aende akatafute. Simu hiyo ni ngumu kwa dakika kumi. Mimi sikuipiga.

Wazazi wetu, nanyi nawaomba jambo dogo. Mtoto akirudi na barua, furahini naye, lakini msimtangaze mtaani mpaka aripoti. Na akikaa nyumbani baada ya hapo msimuulize kila jioni. Mpeni umeme na kona ya meza, aendelee kuandika programu.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha. Naona wapo humu ambao tayari wana barua kutoka kwenye usaili wa mwezi uliopita, maana naziona bahasha. Nitakuwa chini ya ule mwembe mpaka saa kumi na moja. Njooni nazo. Tutazisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, na tutaanzia pale penye tarehe.